Pipa Kubwa la Makarius

Maximilla Ndayikunda na kaka yake Makarius walikuwa watoto wa wakimbizi kutoka Burundi. Walipata uraia wakiwa watu wazima tayari, na karibu kila walichokuwa nacho Kibondo walikuwa wamekitafuta pamoja. Maximilla alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko. Makarius alianza kama fundi wa kawaida, akapanda mpaka akawa mkandarasi. Moses, mume wa Maximilla, Muha wa Rungwe Mpya, ndiye aliyesimamia mafundi wa shemeji yake. Saruji ilitoka dukani kwa dada, ikapita mikononi mwa Moses, ikageuka kuwa nyumba ya mtu kwa jina la Makarius. Watu walizoea kuwaona watatu hao kama kitu kimoja.

Kwa muda mrefu walichanganya zege kwa mashine ndogo ya dizeli, ile inayokokotwa nyuma ya pikapu na kulishwa kwa koleo. Ilikuwa na kelele, ilikuwa polepole, na kila walipomwaga jamvi, sakafu ya zege ya jengo kubwa, walimaliza wakiwa hoi. Kazi zilipoongezeka, Makarius akasema umefika wakati wa kununua gari la zege. Maximilla akakubali. Waliweka nguvu zao pamoja, akiba ya duka na ya ukandarasi, wakasafiri kwenda Dar es Salaam, kaka na dada, kulichagua wenyewe.

Mwuzaji aliwapitisha yadi nzima kwa uvumilivu. Alianza na gari refu la tairi kumi lenye pipa kubwa mgongoni, limepakwa rangi nyeupe na mistari ya buluu.

"Hili ndilo mnaloliona kwenye maghorofa," alisema. "Linapokea zege kwenye mtambo, linalizungusha njiani lisigande, likifika linamwaga kwa nyuma."

"Na mahali pasipo na mtambo?" Maximilla aliuliza.

"Mama, bila mtambo hili litakuwa linabeba upepo."

Akawaonyesha jingine la namna hiyohiyo lakini fupi, la tairi sita, linalopita hata kwenye vichochoro. Hilo nalo lilihitaji kulishwa. Kisha lile lililogawanywa kama stoo, mchanga kwake, kokoto kwake, saruji kwake, maji kwake, ambalo huchanganya palepale linapomwaga. Zege lake huganda kidogo sana kwa sababu hakuna kinachokutana na maji kabla ya wakati. Ila vipuri vyake, mwuzaji alikiri, hata Dar es Salaam huvisubiri. Mwisho aliwapeleka kwenye gari moja lenye sura ya ajabu, pipa nyuma, kijiko cha kuchotea mbele, na kiti cha dereva kinachogeuka.

"Hili linajipakia lenyewe," alisema. "Unalipeleka kwenye lundo la mchanga, linachota. Kwenye kokoto, linachota. Lina pampu, linavuta maji hata mtoni. Linachanganya huku linatembea. Halibebi sana kama lile kubwa, na barabarani ni kobe. Lakini haliombi mtambo wa mtu."

Maximilla alisimama mbele ya gari hilo asitake kuondoka. Aliona barabara ya kwenda Mabamba, vilima vyake na udongo wake mwekundu, na vijiji ambako zahanati na shule zilikuwa zikijengwa. 

"Kaka, ni hili," alisema. "Kila kijiji kina mchanga wake na kijito chake."

Makarius alikuwa amerudi kwenye gari kubwa. Alikuwa ameweka kiganja kwenye tairi lake, analipapasa kama mtu anayemtuliza ng'ombe.

"Wale wanaojenga lami wana mtambo pale barabarani," alijibu bila kugeuka. "Wanakodi magari. Wameniambia, nikilileta hili linaanza kazi siku hiyohiyo. Hilo lako nani atalikodi? Lina sura ya trekta."

"Wakimaliza barabara wataufungua mtambo wao wataondoka nao. Sisi tutabaki na nini?"

"Barabara haiishi leo."

"Itaisha, kaka. Kila barabara huisha."

Hapo ndipo alipogeuka. Ujanani Makarius alikuwa kibarua wa kubeba karai kwenye ujenzi wa daraja, na kila lilipofika gari la pipa, nyapara aliwafukuza njiani wakasimama kwenye majani mpaka lipite. Hakuwahi kuisimulia habari hiyo mbele ya watu, lakini Maximilla aliijua. Alijua pia kwamba karai zile ndizo zilizomsomesha yeye. Wazazi wao walifariki Kasulu mmoja baada ya mwingine, na Makarius ndiye aliyeacha shule ili yeye abaki shuleni.

"Mushiki wanje, dada yangu," Makarius alisema kwa sauti ya chini, "nimekulea mimi. Nimewahi kukupoteza njia?"

Maximilla alitazama chini. Mwuzaji alijifanya anapokea simu.

"Oya, hapana," alisema. "Hujawahi."

"Basi niachie hili."

Akamwachia.

Gari lilipoingia Kibondo, watu walitoka madukani kulitazama. Padri alilinyunyizia maji ya baraka. Makarius alimwajiri Rodrigue, dereva mzoefu wa malori ya mizigo, na siku chache baadaye gari lilikuwa kwenye foleni ya mtambo wa wajenzi wa lami, likipokea zege la makalvati na kulimwaga kama lilivyozaliwa kufanya. Mwaka mzima lilifanya kazi vizuri. Maximilla alianza kuona aibu kwa wasiwasi wake. Jioni moja alimwambia mumewe, "Kumbe kaka alikuwa sahihi," na Moses akacheka, akasema kwamba hajawahi kumsikia akisema hivyo kuhusu mtu yeyote.

Kisha lami ikafika mwisho wake. Wenye mtambo waliufungua kipande kwa kipande, wakaupandisha kwenye malori, wakaenda zao mkoa mwingine.

Makarius hakutaka kuuza. Alijenga jukwaa la miti ya mikaratusi uani kwake, la urefu wa kufikia mdomo wa pipa, na vibarua wakawa wanapanda na karai za kokoto, mchanga na saruji, wanamwaga, wanashuka, wanapanda tena. Gari la kisasa likawa linalishwa kwa vichwa vya watu. Mpaka pipa lijae, zege la kwanza lilikuwa limeshaanza kuzeeka ndani yake. Kazi za mjini kati ziliwezekana. Za mbali zilikuwa bahati nasibu.

"Tuliuze," Maximilla alimwambia. "Tununue lile jingine, hata kama limetumika."

"Kila mtu Kibondo ananijua kwa gari hili," Makarius alijibu. "Nikiliuza watasema nimefilisika."

Masika yalipoanza, akapata kazi ya kumwaga sakafu ya wodi ya wazazi kwenye zahanati ya kijiji kilichoko mbele ya Mabamba, karibu na mpaka. Moses alimshauri wapeleke mashine ndogo ya zamani wachanganye hukohuko. Makarius akakataa. Alikuwa amewaahidi watu wa kijiji gari, na alipowaahidi walipiga makofi.

Asubuhi hiyo pipa lilijazwa kwa karai tangu alfajiri. Moses alipanda mbele na Rodrigue. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na walipofika kwenye mteremko mmoja kabla ya Mabamba, udongo ulikuwa kama sabuni. Rodrigue alipunguza mwendo, akakanyaga breki kidogo, na gari, kwa uzito wote ule unaozunguka mgongoni, likaserereka upande mpaka tairi za nyuma zikaingia mtaroni. Halikupinduka. Lakini jiwe la mtaroni lilipasua bomba la mafuta yanayozungusha pipa. Mafuta yakamwagika kwenye tope. Pipa likazunguka mara moja, polepole, likasimama.

Makarius alikuwa nyuma yao kwa pikapu. Alishuka akakuta Moses ameshapanda ubavuni mwa pipa, anasikiliza kwa sikio kama daktari.

"Shemeji, tulifungue," Moses alisema. "Kuna mlango wa ubavuni. Tufungue sasa hivi, lote limwagike mtaroni likiwa laini."

"Umwage saruji yote hiyo kwenye mtaro?"

"Saruji itapatikana. Likiganda humo ndani tumekwisha."

"Nimempigia fundi. Anatoka Kibondo na bomba jipya."

"Basi tununue sukari pale dukani tuitie. Itachelewesha kuganda mpaka fundi afike."

"Ukitia sukari si zege tena!" Makarius alifoka. "Utawamwagia wazazi sakafu ya sukari? Nimesema fundi anakuja."

Rodrigue alisimama kando, mikono nyuma. Hakutaka kuingia kati ya mashemeji wawili. Moses alijaribu mara nyingine, kwa upole, na mara nyingine akakatazwa. Jua likatoka kali baada ya mvua, likaanza kuchoma chuma cheupe. Fundi naye alikwama kwenye tope lilelile, njia ileile. Alipofika na kufunga bomba jipya, Rodrigue aliwasha injini, pipa likatetemeka, likaunguruma, halikuzunguka.

Makarius alikaa kwenye ukingo wa mtaro akashika kichwa. Moses alikaa karibu naye, hakumwambia neno la kumlaumu. Baadaye Maximilla alipoisikia habari hiyo ya kukaa kimya, ilimuuma kuliko mengine yote.

Gari lilivutwa mpaka Kibondo likiwa na jiwe tumboni. Ndani ya pipa la namna ile kuna mapanga ya chuma yaliyojipinda kama skrubu, na zege lilikuwa limeganda chini na kushika pia kwenye mapanga ya juu, mabonge kwa mabonge. Kuna njia moja tu ya kulitoa: mtu anaingia kwa mlango wa ubavuni, na tindo na nyundo, au na mashine ya kupasulia mawe kama ipo, na anavunja kidogo kidogo ndani ya giza na vumbi. Makarius alitafuta vibarua. Waliochungulia ndani waliondoka. Ndipo akaja nyumbani kwa dada yake.

"Nisaidie, shemeji," alimwambia Moses. "Wewe ndiye unayeijua kazi. Wengine watanitobolea pipa."

Maximilla alikuwa anapepeta mchele. Aliweka ungo chini.

"Haingii," alisema.

"Mama Esperance..." Moses alianza kumwambia mkewe.

"Nimesema haingii. Aliyelijaza ndiye aingie."

"Mimi kifua changu hakiwezi vumbi, unajua," Makarius alisema, na ilikuwa kweli. Miaka ya karai na saruji ilikuwa imemwachia kikohozi.

Moses aliomba wapewe nafasi ya kuzungumza. Makarius alipotoka nje, Moses alimwambia mkewe kwamba gari likikaa hivyo wote watakufa njaa, duka pia, maana nusu ya gari lile ni duka. Akamwambia kwamba ataanza na mabonge ya juu, ili kisimdondokee kitu. Akamwambia asiwe na hofu. Maximilla alimjua mumewe; alikuwa mtu asiyeweza kumwona mwenzake anahangaika akakaa.

"Ukiingia humo," alisema, "usiniambie umekwenda kwa ajili yangu."

Lilikuwa neno kali, na ndilo la mwisho alilomwambia akiwa mzima.

Moses alianza na mabonge ya juu, kama alivyosema. Alivunja asubuhi yote. Rodrigue alikuwa nje akipokea vipande na kuvitupa. Karibu na saa sita Moses aliinama kuokota tindo lililomponyoka, na bonge moja alilokuwa ameligonga na kuliona limeshika vizuri likaachia. Lilimpiga mgongoni chini, likamlaza kifudifudi juu ya zege.

Rodrigue alikuja dukani mbio, mweupe kwa vumbi tangu nywele mpaka viatu. Maximilla alimwona kabla hajafungua mdomo. Walimtoa Moses kwa kumvuta kupitia kile kimlango, polepole, huku akiwaelekeza yeye mwenyewe wapi pa kushika. Hospitalini Kibondo walimhudumia kwa kila walichoweza, kisha wakampa rufaa. Alipona kifua, akapona mbavu. Miguu haikurudi.

Makarius aligharamia kila kitu, hakuna aliyeweza kusema vinginevyo. Aliuza gari kama lilivyo, na mabonge yake, kwa mtu wa Mwanza aliyehitaji injini. Aliuza na kiwanja. Akamnunulia Moses kiti cha magurudumu kizuri, si kile cha msaada. Na mwaka uliofuata, kwa kilichobaki na mkopo wa benki, alisafiri peke yake kwenda Dar es Salaam akarudi na gari linalojipakia lenyewe.

Gari lile likafanya kila kitu ambacho Maximilla aliwahi kukiona kwa macho ya akili. Lilikwenda Mabamba kwa mwendo wa kobe, likachota mchanga wa hukohuko, likavuta maji kijitoni, likamwaga sakafu ya wodi ya wazazi ile ile iliyokuwa imesubiri. Likaenda Kasulu. Likaenda vijiji ambavyo hakuna mkandarasi aliyewahi kuvipelekea zege. Makarius akainuka tena, juu kuliko mwanzo. Watu walisema Makarius ana akili ya mashine. Walisema alilisoma soko mapema, akabadilika kabla ya wengine.

Kila Jumapili baada ya misa alikuja kwa dada yake na kitu mkononi: ndizi, sukari, nyama. Moses alimpokea kwa furaha. Walikaa uani wakazungumza kazi, na Moses alimshauri kuhusu nguzo na misingi, na mara nyingine walicheka mpaka Makarius akakohoa. Maximilla alileta chai, akarudi ndani.

"Humsemeshi kaka yako," Moses alimwambia siku moja.

"Namsalimia."

"Mimi nimeshasamehe, mama. Niliingia kwa miguu yangu. Hakunifunga kamba."

"Samehe ya kwako. Mimi sijakuomba unisamehee ya kwangu."

"Inakutafuna."

"Itafune," alisema, akaenda kuosha vikombe vilivyokuwa safi.

Kilichomtafuna hasa hakuweza kumwambia. Msamaha wa Moses ulikuwa umemwacha peke yake. Kama wangekasirika wawili, hasira ingekuwa na pa kukaa. Sasa ilionekana ni tabia yake tu, mwanamke mwenye roho ngumu, ambaye mumewe aliyeumia ametulia lakini yeye hataki. Wanawake wa kanisani walishaanza kumwombea.

Siku ya kumwaga msingi wa ukumbi mpya wa kigango cha kanisa, bondeni kule chini ya mji, Moses alitaka kwenda kuliona gari likifanya kazi. Hakuwa ameliona kwa karibu. Maximilla alimsukuma mpaka huko, maana hakuwa na namna ya kumnyima. Gari liliinamisha kijiko chake kwenye kokoto, likachota, likamimina, likarudi. Moses alilitazama kwa raha ya fundi, anataja kila kinachofuata kabla hakijatokea.

Alikuwepo pia Nestori, mkandarasi wa Kasulu, kijana mwenye kampuni changa, aliyekuja makusudi kuomba ushauri. Alimsogelea Makarius, akamwuliza yeye kama mzee wa kazi hii, anunue gari la aina gani.

"Uliza kwanza zege lako litatoka wapi," Makarius alimwambia. "Usiangalie ukubwa. Pipa kubwa ni la mwenye mtambo, na mtambo wa watu una siku wanaufungua wanaondoka nao. Huku kwetu kila kijiji kina mchanga wake na kijito chake. Chukua linalojipakia."

Nestori aliinamisha kichwa kwa heshima. "Mzee, umeona mbali."

Makarius hakumtazama dada yake. Labda hakukumbuka maneno yale aliyapata wapi. Labda alishayaishi kiasi cha kuyaona ni yake. Moses alimshika Maximilla mkono, akaubana kidogo, kumwomba anyamaze.

Maximilla aliutoa mkono wake.

"Mwanangu Nestori," alisema, "magari amekueleza vizuri. Kuna moja hajakueleza. Kabla hujalipa, jua nani ataingia ndani likiganda. Kama si wewe, usinunue."

Nestori aliangalia huku na huku, hakuelewa. Rodrigue, juu kwenye kiti cha dereva, alizima injini. Makarius alishikwa na kikohozi.

"Twende nyumbani," Moses alisema taratibu.

Maximilla alikigeuza kiti wakaanza kupanda. Njia ya kutoka bondeni ilikuwa kali, na wakati wa kushuka hakuwa ameifikiria. Katikati ya mlima mikono ilimchoka, na kiti kikaanza kurudi nyuma kidogo kidogo. Alikizuia kwa goti. Alisikia hatua nyuma yake na kikohozi anachokijua miaka mingi.  Makarius aliweka mikono yake pembeni ya mikono ya dada yake, akasubiri.

Maximilla angeweza kumwambia asiguse. Lakini Moses alikuwa ameshika tairi zote mbili kwa nguvu, shingo imemtoka mishipa, na kiti kilikuwa kizito.

Maximilla aliachia kiti. Makarius akasukuma, akikohoa, na yeye akafuata nyuma yao, mikono mitupu, mpaka juu.